Terminator Salvation, Genisys au Dark Fate: uangalie ipi?

Aliyemaliza Terminator mbili za mwanzo, ya 1984 na ya 1991, zote za James Cameron, hubaki na swali: sasa nifuate ipi? Ya tatu, ya 2003, inatazamika ingawa si ya lazima. Mvutano uko kwenye tatu zilizofuata. Terminator Salvation (2009), Terminator Genisys (2015) na Terminator: Dark Fate (2019) kila moja ilitangazwa kuwa mwanzo mpya, kila moja ilipangwa kuwa ya kwanza kati ya filamu tatu, na hakuna hata moja iliyopata ya pili. Mashabiki walinung'unika, na waliotoa fedha hawakupata walichokitarajia.

Lakini hazikuharibikia mahali pamoja. Kila moja ina kosa lake, na kila moja ina kitu ambacho nyingine mbili hazina. Ndiyo maana watu wawili wanaoipenda Terminator kwa dhati wanaweza kubishana usiku kucha juu ya hizi tatu, na wote wakawa na hoja. Ukijua ni kosa lipi unaloweza kulivumilia, umeshapata pa kuanzia.

Tahadhari: haiwezekani kueleza kwa nini watu waliudhika bila kutaja yanayotokea, vifo na miisho ikiwemo.

Ninazipima kwa nini

Kwanza, filamu inaifanyia nini hadithi iliyotangulia. Pili, mashine: je, inatisha kama ile ya 1984, iliyokuwa haichoki, haina huruma na haiachi kukufuata? Tatu, watu: kuna mtu humo ndani ambaye ungesikitika akifa? Nne, mapambano yenyewe. Tano, fedha: ilipata nini na kwa nini haikutosha. Hili la fedha nimelichukulia kwa uzito kwa sababu watu wengi huchagua filamu kwa kuangalia mauzo, na kwa hizi tatu mauzo yanapotosha.

Hadithi ya zamani inafanyiwa nini

Shida ya zote tatu ilianzia mahali pamoja: filamu ya 1991 ilishaifunga hadithi. Sarah Connor, mwanawe John, ambaye siku moja angewaongoza binadamu dhidi ya mashine, na mashine iliyotumwa kuwalinda wanateketeza kila kilichobaki ambacho Skynet, mfumo wa kompyuta utakaowageukia binadamu, ingeweza kuzaliwa nacho. Mwishoni mashine yenyewe inaomba ishushwe kwenye chuma kilichoyeyuka, isibaki hata kipande. Siku ya Kiyama, yaani siku ya Skynet kuangusha mabomu ya nyuklia, iliyokuwa iangukie tarehe 29 Agosti 1997, inaepukwa. Anayetaka kuendelea baada ya hapo lazima aeleze kwa nini sadaka ile haikutosha, na hakuna maelezo yasiyomuuma mtu aliyelia pale.

Salvation inalikwepa swali kwa kuruka mbele. Tuko 2018, mabomu yameshaanguka, watu wanaishi kwenye magofu, na John Connor (Christian Bale) ni mpiganaji ambaye wakubwa wake, waliojificha ndani ya nyambizi, hawamwamini kikamilifu. Haifuti chochote cha nyuma. Connor bado anasikiliza kanda alizorekodiwa na mama yake. Kwa heshima ya yaliyopita, hii ndiyo yenye adabu zaidi kati ya tatu. Kilichowaudhi mashabiki ni vita yenyewe. Tangu 1984 tulionjeshwa vita ya 2029 kwa vipande: usiku, miale ya zambarau, mafuvu yakipondwa chini ya minyororo ya mitambo. Watu waliingoja vita hiyo kwa robo karne. Muongozaji McG akawapa jangwa, mchana, helikopta na bunduki za kawaida. Kihadithi ana sababu, maana miaka 11 kabla ya 2029 teknolojia haijafika huko, lakini aliyenunua tiketi kuiona vita alipewa utangulizi wake. Mwisho nao ulibadilishwa. Awali Connor alikuwa afe na sura yake avishwe Marcus, yule nusu mtu nusu mashine. Habari zilivuja, watu wakang'aka, na tukapata mwisho ambamo Marcus anatoa moyo wake upandikizwe kwa Connor kwenye hema jangwani. Ule wa kwanza ungekuwa wa kutisha. Huu umetulia, na hauaminiki.

Genisys inarudi nyuma na kuandika upya. Kyle Reese, askari wa siku zijazo atakayekuwa baba wa John, anatumwa 1984 kumlinda Sarah kama kwenye filamu ya kwanza, na kwa dakika kadhaa muongozaji Alan Taylor anaijenga upya filamu ya kwanza: Los Angeles usiku, Arnold Schwarzenegger, yule mwigizaji wa mashine, kijana, akiwasili bila nguo, wale vijana wahuni wakimcheka. Kisha anatokea Schwarzenegger mwingine, mzee, ameshika bunduki, na kusema alikuwa anamngoja. Dakika hizo ni tamu. Tatizo ni bei yake. Sarah (Emilia Clarke) si yule mhudumu wa mgahawa tena. Amelelewa na mashine tangu akiwa na miaka 9, kwa hiyo yote tuliyoyaona kwenye filamu mbili za mwanzo hayakutokea. John Connor, mtu ambaye vita nzima ilipiganwa ili azaliwe, anageuzwa kuwa mashine na kuwa adui. Na swali kubwa kuliko yote, nani aliyemtuma yule mzee kumlea Sarah, linaachwa wazi, limewekewa akiba kwa filamu ya pili ambayo haikutengenezwa.

Dark Fate, ya Tim Miller, Cameron akiwa mtayarishaji na mmoja wa waliobuni hadithi, inachukua njia ya tatu. Inayafuta yote yaliyokuja baada ya 1991 na kukubali kwamba Sarah alishinda: Skynet haipo. Halafu inamnyang'anya matunda ya ushindi. Mwaka 1998, kwenye baa ya ufukweni Guatemala, mashine iliyokuwa imeshatumwa kabla Skynet haijafutwa inatokea na kumpiga risasi John, bado mvulana, mbele ya mama yake.

Waliokulia kwenye vibanda vya video vya Dar es Salaam au Mwanza wanaijua sheria ambayo hakuna aliyeiandika: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kuachwa hoi, hafi. Na kama lazima afe, basi afe mwishoni, na kifo chake kilipe kitu. Mashabiki wa Marekani hawana neno hilo ila wana hisia hiyohiyo, na Dark Fate iliivunja kabla watu hawajakaa vizuri kwenye viti. Naitetea kwa kiasi. Kifo kile kina kazi: kinampa Sarah miaka 20 ya uchungu, na Linda Hamilton anauigiza uchungu huo bila kuomba kuhurumiwa. Lakini naelewa kabisa mtu aliyezima pale. Alishaambiwa 1991 kwamba mtoto huyu ameokoka, akaenda nacho moyoni, na sasa anarudishiwa maiti.

Mashine inatisha?

Kwenye Salvation mashine ni nyingi na zina uzito: jitu la chuma linalochuma watu kwenye kituo cha mafuta kama mazao, pikipiki zisizo na dereva zikichomoka miguuni mwake. Unaamini kwamba dunia hii ni yao. Kinachokosekana ni ile moja inayokufuata wewe. Isitoshe Skynet yenyewe inafanya jambo lisiloelezeka. Inamkamata Kyle Reese, baba wa adui yake mkubwa, inajua ni nani, na badala ya kummaliza inamtumia kama chambo. Adui mjinga hatishi.

Genisys ina T-1000, mashine ya chuma cha kimiminika, aliyeigizwa na Byung-hun Lee, baridi na mwenye haraka, na anaondoka mapema mno. Anayebaki ni John aliyegeuzwa mashine ya chembechembe, anayeongea sana. Mashine mbili zinapotupana ukutani bila yeyote kuumia, hofu haina pa kushika.

Hapa Dark Fate inaongoza. Mashine yake inayowinda, Rev-9 (Gabriel Luna), anaweza kujigawa: mifupa ya chuma inaendesha gari huku nyama ya kimiminika ikiruka upande wa pili. Zaidi ya hapo ana adabu. Anatabasamu, anatania walinzi, anapita milango kwa maneno laini. Udhaifu wake ni kwamba anainuka tena baada ya kila kitu, hadi mwisho unaanza kuvutika.

Watu

Salvation ilitaka Bale awe nguzo, ila mtu anayekaa kichwani ni Anton Yelchin kama Kyle Reese kijana, mwembamba, mwepesi, akimlinda msichana mdogo asiyesema neno. Ukimfikiria Kyle wa 1984 unaamini kabisa kwamba huyu ndiye atakayekuwa yule. Marcus wa Sam Worthington ana hadithi nzuri kuliko ya Connor, mfungwa aliyeuawa kwa sindano ya sumu kwa kosa lake na kuamka hajui kuwa ni mashine, lakini trela zilishaitoa siri hiyo kabla filamu haijafika. Connor mwenyewe anafoka mwanzo mpaka mwisho.

Kwenye Genisys, Emilia Clarke (Sarah) na Jai Courtney (Kyle) wanapaswa kupendana kwa sababu historia inataka hivyo, na hawapendani. Wanagombana kama watu waliopangiwa zamu moja. Wa kuangalia ni Schwarzenegger, mlezi mzee ambaye mkono unamtetemeka na goti linamgoma, anayeamini kwamba mzee si lazima awe hana kazi. Nalo trela liliiharibu. Siri kuu ya filamu, kwamba John amegeuzwa, iliwekwa wazi kwenye matangazo, na Taylor mwenyewe alisema hadharani kwamba hakufurahishwa.

Dark Fate ina wanawake watatu, na hao ndio sababu ya kuiangalia. Dani (Natalia Reyes), anayewindwa na Rev-9, anafanya kazi kwenye kiwanda cha magari Mexico City, na siku hadithi inapoanza nafasi ya kaka yake imeshachukuliwa na mkono wa mashine. Grace (Mackenzie Davis) ni binadamu aliyeongezewa nguvu, anayepigana kwa dakika chache kisha mwili unachemka na kuzimika asipopata dawa. Kuna sehemu anavamia duka la dawa huku anatetemeka, na hapo unaelewa kwamba nguvu zake ni za mkopo. Sarah amezeeka, anakunywa, na hamwamini yeyote. Kisha yuko Carl. Mashine iliyomuua John, ikiwa haina amri nyingine, imekaa Texas na mwanamke na mtoto wake, inauza mapazia, na inaeleza kwa uso mkavu jinsi ilivyomshawishi mteja asiweke pazia la rangi moja kwenye chumba cha binti mdogo. Wapo waliocheka na wapo waliokasirika. Kwangu ni wazo bora kuliko yote katika filamu hizi tatu, kwa sababu linamlazimisha Sarah akae meza moja na muuaji wa mwanawe.

Mapambano

Hapa nitapita haraka. Salvation ina ufundi wa mikono, vyuma halisi na vumbi halisi, na helikopta inayoanguka Connor akiwa ndani bila kamera kukata. Genisys ina basi la shule linalopinduka kwenye daraja la Golden Gate, na mengi mengine unayasahau kesho yake. Dark Fate inaanza kwa nguvu, kiwandani na barabara kuu, kisha inaingia kwenye ndege na bwawa, usiku na majini, ambako mara nyingine huoni nani anampiga nani.

Fedha

Salvation iligharimu takriban dola milioni 200 na kukusanya 371 duniani. Genisys iligharimu 155 ikakusanya 440. Dark Fate iligharimu karibu 185 ikakusanya 261 tu. Msomaji asiye na uzoefu ataona zote zimezidi gharama na kushangaa kilio kinatoka wapi. Kilio kinatoka kwenye mgawanyo. Takriban nusu ya kila tiketi hubaki kwa wenye majumba ya sinema, na matangazo ya filamu kubwa, yanayokula mamilioni mengi, hayahesabiwi kwenye bajeti hiyo. Kwa kawaida filamu ya aina hii inahitaji kukusanya zaidi ya mara mbili ya gharama yake ndipo ianze kuvuta pumzi. China ni ngumu zaidi, maana studio ya kigeni hupata karibu robo ya mauzo. Genisys ilipata takriban milioni 113 huko, zaidi ya milioni 90 ilizopata Marekani kwenyewe, kwa hiyo ile 440 ni nyembamba kuliko inavyosikika. Dark Fate ilikadiriwa kuwaachia waliowekeza hasara ya zaidi ya dola milioni 100.

Sasa angalia mauzo ya Marekani peke yake, filamu moja baada ya nyingine: takriban milioni 205 mwaka 1991, 150 mwaka 2003, 125 mwaka 2009, 90 mwaka 2015, 62 mwaka 2019. Inashuka kila mara, bila kujali ubora. Wahakiki waliiponda Genisys kuliko nyingine, na ndiyo iliyokusanya zaidi kati ya hizi tatu. Waliisifu zaidi Dark Fate, na ndiyo iliyoanguka vibaya zaidi. Naisoma hivi: mtu hununua tiketi kabla hajaiona filamu, kwa hiyo anailipia imani aliyobakiwa nayo kutoka filamu iliyopita. Dark Fate ililipa deni la Genisys. Watu walishaambiwa 2015 kwamba huu ndio mwendelezo wa kweli, Cameron mwenyewe akiisifu kwenye matangazo. Walipoambiwa tena 2019, safari hii kwa jina la Cameron kwenye filamu yenyewe, wengi walibaki nyumbani.

Mauzo yanaeleza pia kwa nini hadithi zilikatika. Kampuni ya Halcyon, iliyomiliki haki za Terminator wakati wa Salvation, iliomba ulinzi wa ufilisi mwaka huohuo wa 2009, na haki zikapigwa mnada mwaka uliofuata. Mmiliki mpya hataki kuendeleza hadithi iliyoshindwa mikononi mwa mwingine. Anataka kuanza yake. Ndiyo maana John Connor wa Bale, wa Jason Clarke kwenye Genisys na yule mvulana wa Guatemala ni watu watatu wasiojuana. Shabiki aliyewekeza hisia kwa mmoja anaanza sifuri kwa mwingine, na baada ya mara mbili au tatu anaacha kuwekeza.

Nani aangalie ipi

Ukiwa unaipenda filamu ya 1991 hasa kwa ajili ya Sarah, nenda Dark Fate. Ila jiandae kwa dakika za mwanzo, na kama huwezi kabisa kustahimili kifo cha John, usijilazimishe. Iache hadithi iishe pale pale kwenye chuma kilichoyeyuka, maana iliishia vizuri.

Ukiwa mtu wa vita, magofu na mitambo mikubwa, na hupendi hesabu za kusafiri kwenye wakati, Salvation itakufaa. Kati ya tatu hizi ndiyo pekee ambayo haimtumi mtu yeyote nyuma, na unaweza kuifuata hata kama filamu za mwanzo umezisahau nusu. Pia ndiyo fupi zaidi, dakika 115.

Genisys inamfaa anayetaka jioni nyepesi na anayempenda Schwarzenegger kuliko anavyoipenda hadithi. Inafaa pia kuangaliwa na vijana wa sekondari nyumbani: hiyo na Salvation zilipewa Marekani daraja la kuruhusu kuanzia miaka 13, wakati Dark Fate ina damu na matusi ya kutosha kuwekwa daraja la watu wazima. Usiangalie trela lake kwanza. Mtu asiyejua kuhusu John atapata angalau mshtuko mmoja wa kweli.

Ukiwa na mgeni ambaye hajawahi kuona Terminator yoyote, hakuna kati ya hizi tatu ya kumwanzishia. Mpe ya 1984, iliyotengenezwa kwa dola milioni 6 na kitu, kisha ya 1991, na umwache aamue kama anataka zaidi.

Na anayetaka zote tatu, asizifuatanishe kwa miaka ya kutoka. Aanze na Dark Fate, kwa kuwa inaungana moja kwa moja na ya 1991. Afuatishe Salvation wiki nyingine, kama hadithi ya pembeni. Genisys aiweke mwisho, na jioni iliyotangulia arudie ya 1984, kwa sababu nusu saa yake ya kwanza haina ladha kwa mtu ambaye hakumbuki ile asili ilikuwaje.